"Subiri Afande, Mwizi Hajakamatwa!"
Kwa nini twapenda hadithi za upelelezi zenye kuchekesha?

Mwaka 2001 nilikuwa mtoto wa darasa la tano. Mimi na mama yangu tulikuwa safarini kwenda Ngara kumwona bibi aliyekuwa mgonjwa. Basi letu lilipofika Lusahunga, wilayani Biharamulo, likazima injini. Miaka ile mabasi hayakuipita misitu ya huko yakiwa peke yake. Yalingojana mpaka yakawa kundi, kisha yakasindikizwa na askari wenye bunduki, kwa sababu majambazi walikuwa wakiteka magari, wakiwapora wasafiri na hata kuwaua. Kutoka Lusahunga mpaka mpakani Rusumo ni kilomita zipatazo 90, na kwa msafiri wa siku hizo kila kilomita ilikuwa na hesabu yake.

Basi lilikuwa kimya. Mama alikuwa amezigawa fedha zetu mafungu matatu: kidogo ndani ya kiatu chake, kidogo ndani ya mkate, na zilizobaki katika soksi yangu. Dada mmoja aliyekaa mbele yetu alikuwa akisali, midomo ikimchezacheza bila sauti. Ndipo mzee mmoja fundi cherehani, aliyekuwa amepakata kichwa cha cherehani yake kama mtoto mchanga, alipogeuka akatuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Jamani, mmepata kusikia kisa cha redio iliyoibiwa kijijini kwetu?"

Hakuna aliyejibu. Naye hakungoja jibu.

Alisema kwamba zamani za vijiji vya ujamaa, katika kijiji kimoja cha milimani Ngara, palikuwa na redio moja tu iliyokuwa ikisema. Nyingine zote zilikuwa zimekwisha nyamaza kwa kukosa betri. Redio hiyo ilikuwa ya ofisi ya kijiji, na betri zake zilinunuliwa kwa michango ya wananchi. Jumamosi moja Simba na Yanga zilikuwa zicheze, na vijana walikuwa wameihesabu siku hiyo kama watu wanaongoja harusi. Kumbe asubuhi ya Jumamosi ile ile meza ya ofisi ilikutwa tupu. Mlango haukuvunjwa wala dirisha halikuguswa. Mchezo ukachezwa huko Dar es Salaam, na kijiji kizima kikalala bila kujua nani kamfunga nani.

Jumapili ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa kijiji alisimama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema: "Poleni sana ndugu wananchi, na hasa ninyi vijana. Lakini msiumie mno. Hata mchezo wenyewe ulipooza." Kisha akaikabidhi kazi ya upelelezi kwa kamanda wa mgambo.

Kamanda huyo alikuwa amesoma vitabu viwili vya upelelezi, na tangu hapo alikuwa akitembea na kiko mdomoni, ingawa hakuvuta tumbaku. Alianza kwa kupima nyayo. Aliziona nyayo kubwa za buti karibu na ofisi, akazifuata akiwa ameinama, watoto wakimfuata nyuma. Nyayo zikateremka bondeni, zikavuka kijito, zikapanda migombani, zikazunguka kilabu cha pombe mara mbili, mwishowe zikaingia katika nyumba moja nzuri yenye mlango wa bluu. Kamanda akapiga mlango teke na kupaza sauti: "Toka nje, umekamatwa!" Aliyetoka ni mkewe. Buti zilikuwa zake mwenyewe.

Hapo basi likacheka kwa mara ya kwanza.

Lakini kisa kikageuka. Mtu mmoja alisema kwamba usiku wa Ijumaa alimwona mjane mmoja akipita na furushi. Mjane huyo aliishi peke yake, macho yake yalikuwa mekundu, wala hakuwa na mtoto wa kumsemea. Minong'ono ikaanza: nyumba ile ina mambo, mlango haukuvunjwa, basi nani awezaye kupita mlango uliofungwa? Ikaamuliwa kila kaya itoe mchango, aitwe mpiga ramli kutoka ng'ambo ya mto aje kumtaja mwizi. Kila mtu alijua atatajwa nani. Siku ilipofika mjane akaitwa mbele ya watu wote, akaambiwa ajitetee.

Ndipo askari wa msafara alipogonga ubavu wa basi letu. "Haya, tunaondoka! Kila mtu akae kitako!"

Yule dada aliyekuwa akisali akatoa kichwa dirishani. "Subiri afande," akasema, "mwizi hajakamatwa!"

Askari akadhani kuna mwizi kweli ndani ya basi. Akapanda na bunduki yake. Alipoelezwa akasimama kitambo, akamtazama yule mzee, akasema: "Haraka basi."

Mzee akamaliza. Alisema mjane hakulia wala hakuapa. Alisema furushi lile lilikuwa majani makavu ya kumtandikia mbuzi wake aliyezaa usiku ule, na mbuzi na mtoto wake wapo, anayetaka akawaone. Kisha akasema: "Mimi nina swali moja tu kwa Ndugu Mwenyekiti. Jumapili ulituambia mchezo ulipooza. Je, nani alikusimulia?"

Redio ilikutwa katika shimo la kuivishia ndizi nyumbani kwa Mwenyekiti, imefunikwa majani ya mgomba. Alitaka kuusikiliza mchezo peke yake, mbali na kelele za vijana, kisha akashindwa na aibu ya kuirudisha. Aliamriwa kununua betri za mwaka mzima. Na tangu siku ile, alisema mzee, redio ilikuwa ikifunguliwa tu, nyuki wote wa kijiji wanakuja kusikiliza habari.

Askari alishuka akicheka, bunduki ikimtikisika begani. Tukaondoka. Mama alinishika mkono njia nzima, lakini nakumbuka kwamba mkono wake haukuwa tena wa baridi.

JE, ULILIKAMATA?

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea naomba ujiulize kwa uaminifu: yale maneno ya Mwenyekiti, "mchezo wenyewe ulipooza", je, uliyashtukia uliposoma mara ya kwanza? Mimi nilipoyasikia sikuyashtukia, wala mama, wala askari. Na hapo ndipo ilipo siri ya kwanza ya hadithi hizi. Dalili haikufichwa. Iliwekwa mezani, mbele ya macho ya kila mtu, ila ilifunikwa kwa kicheko. Tulikuwa tunamcheka kamanda na buti zake, na huku jibu limekwisha pita.

Hadithi ya namna hii ni ndugu wa kitendawili. Sisi husema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!" Jirani zetu wa Rwanda husema "Sakwe sakwe!" na kujibiwa "Soma!", na Wahangaza wa Ngara, ambao lugha yao ina undugu wa karibu na Kirundi, si wageni wa mchezo huo. Mtoto aliyekulia katika vitendawili amekwisha fundishwa sheria zote za upelelezi kabla hajajua kusoma: kwamba jibu lazima liwe limo ndani ya swali, kwamba mtegaji haruhusiwi kudanganya, na kwamba anayeshindwa hutoa mji. Mwandishi anayeleta katika ukurasa wa mwisho muuaji ambaye hatukupata kumwona amevunja sheria ya mababu, na msomaji ana haki ya kumdai mji wake.

Hata wizi na hukumu zenye kuchekesha si vitu vya kuletwa na meli. Watu wangapi wa Afrika Mashariki wamekua bila kusimuliwa visa vya Abunuwasi? Mtu wa kweli mwenye jina hilo alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki karibu na mwaka 814, lakini yule wa kwetu amekuwa Mswahili kabisa. Aazima sufuria, airudishe pamoja na kisufuria kidogo na kusema sufuria imezaa. Mwenye mali afurahi. Aiazima tena, na safari hii asema sufuria imekufa. Mwenye mali anapopiga kelele huulizwa: uliyekubali kwamba sufuria huzaa, wakataaje kwamba hufa? Huo ni utapeli, na ni kosa la jinai. Lakini twacheka, kwa kuwa aliyetapeliwa ametiwa kamba na tamaa yake mwenyewe.

BWANA MSA NA MZIMU

Katika maandishi, baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ukatoka kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tulimokutana na Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Wataalamu husema Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes wa Waingereza, na ni kweli. Lakini mtu huyo akaaye na kuzungumza, atazamaye mambo madogo, anayependa fumbo kuliko ngumi, ni mtu wa barazani kabisa. Baadaye vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo, hata mwaka 1984 kikatoka kitabu chenye jina lililowachekesha wasomaji kabla hawajakifungua: Kosa la Bwana Msa. Mpelelezi mkubwa naye ana kosa!

Ninachotaka kukisema hasa ni hiki. Katika kile kitabu cha kwanza, tajiri mmoja anakutwa amekufa kwenye mzimu, na wako watu walio tayari kuamini kwamba wa kulaumiwa ni mzimu wenyewe. Bwana Msa hakubali. Yeye hutafuta mtu, mwenye mikono, miguu na sababu. Miaka zaidi ya 60 imepita, na mimi naona kwamba hakuna somo la kitabu cha Kiswahili lililo karibu zaidi na maisha ya vijiji vya Kanda ya Ziwa kuliko hilo.

Maana yule mjane wa kisa cha redio si wa kuchekwa. Katika mikoa hii ajuza wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni za miaka 50 jikoni. Penye kifo au hasara isiyoeleweka, ramli hutaja jina, na mara nyingi jina hilo huwa la mtu asiye na wa kumtetea. Nilipokuwa mtoto ndani ya basi nilidhani kwamba kisa kile kilihusu redio. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba kilihusu siku ile ambayo mwanamke mmoja angeweza kufukuzwa kijijini au kuuawa, na kilichomwokoa kilikuwa ni kusikiliza kwa makini maneno ya mkubwa. Mzee fundi angeweza kutuhutubia juu ya ubaya wa ramli, na tungesinzia. Badala yake alitufanya tumcheke kamanda, tumshuku mjane pamoja na wanakijiji, kisha tuone haya pamoja nao.

Mwandishi wa Kiingereza G.K. Chesterton alilijua jambo hilo. Mpelelezi wake ni padri mfupi, mnene kidogo, apotezaye mwavuli, ambaye hakuna anayemjali. Katika hadithi yake moja iliyotoka katika kitabu mwaka 1911, mashahidi wanne wanaapa kwamba hakuna mtu aliyeingia katika nyumba ya mauaji. Hawakusema uongo. Aliyeingia alikuwa tarishi wa barua, na kwao tarishi hakuwa "mtu". Jaribu kuipeleka hadithi hiyo ofisini kwako, ndugu msomaji: je, ukiulizwa leo asubuhi nani aliingia, utamtaja anayefagia?

MGUU WA KONDOO

Yuko na mwingine, na huyu ana haki ya kuitwa jirani. Roald Dahl, aliyejulikana baadaye duniani kote kwa vitabu vya watoto, aliletwa Dar es Salaam mwaka 1938 na kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, akakaa hapa mpaka vita vilipoanza mwaka 1939 naye akaenda Nairobi kuwa rubani. Mwaka 1953 aliandika hadithi fupi ya mke wa askari mpelelezi. Mume anamwambia mkewe mjamzito kwamba anamwacha. Mke ameshika mguu wa kondoo uliogandishwa, mgumu kama rungu. Anampiga nao kichwani, anakufa. Kisha anauweka mguu ule katika jiko, anakwenda dukani kununua viazi, anarudi, analia, anawaita polisi. Polisi wanaitafuta silaha nyumba nzima bila mafanikio. Usiku unaingia, wana njaa, naye anawakaribisha wale nyama. Wanakula huku wakisema kwamba silaha haiwezi kuwa mbali.

Nimewaharibia, nisameheni. Lakini tazameni ufundi wenyewe: ni kurasa chache tu, hakuna kufukuzana kwa magari, na cheko lake linakwama kooni, kwa sababu hatujui kama twamcheka polisi au twamsaidia muuaji. Nilipata kuwasimulia akina mama wa sokoni Biharamulo hadithi hiyo. Mmoja aliniuliza kwa nini polisi hawakunusa mkono wa yule mama. Mwingine akasema hapana, kosa ni la mume, hawezi kumwacha mtu mjamzito kabla ya kula. Wakabishana mpaka mteja akaondoka na nyanya zake bila kulipa, jambo ambalo naungama lilikuwa kosa langu.

Ufupi ni neema kwa mfanyakazi. Mtu arudiye nyumbani kwa daladala, mwenye watoto wa kuwaangalia daftari na jiko la kuwasha, hana saa sita za kukaa na kitabu. Hadithi ya kurasa nne huanza na kwisha kati ya vituo viwili. Ndiyo maana magazeti ya Jumapili yalizikaribisha tangu zamani. Na hapa mikoa ya Ziwa wasomaji waliandaliwa: mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima wenye manufaa ya kazi, uliosaidiwa na Unesco, ulianza mwaka 1968 katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao tangu mwaka 1979 waitwa Kagera. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngara aliniambia kwamba wanafunzi wake wa watu wazima walisoma vitabu vya pamba na kahawa kwa utii, lakini vya upelelezi waliviiba. "Sikuwakamata," alisema. "Mwalimu gani atamfungia mtu kwa kosa la kuiba kitabu cha wizi?"

Sina ugomvi na Willy Gamba wa Elvis Musiba, wala na Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, mzaliwa wa jirani zetu wa Kigoma. Vitabu hivyo vilitukesha wengi. Lakini naona kwamba waigaji wao wamechukua bastola wakaacha akili. Hadithi nyingi za siku hizi zina maiti saba na hazina fumbo hata moja. Kuchekesha ni kazi ngumu zaidi kuliko kuua: maiti haibishi, bali msomaji asiyecheka amekwisha kukuhukumu.

Aidha, yapo mambo yasiyochekeka, na watu wa Ngara wanajua mpaka uko wapi. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, huku mto Kagera ukipitisha maiti chini yao. Yule mwalimu mstaafu aliniambia kwamba mwaka ule hakuna aliyesimulia kisa cha muuaji mbele ya watoto, awe wa kuchekesha au wa kutisha. Walirudi kwa sungura na fisi. Nilimuuliza visa vya wezi vilirudi lini. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema hakumbuki mwaka, ila alikumbuka kwamba cha kwanza kukisikia tena kilikuwa cha mtu aliyeiba kuku na kujisahau akamjibu kuku huyo gizani.

Nilipopita Ngara mjini mara ya mwisho nilimkuta kijana mmoja akiuza vitabu vikuukuu juu ya turubai, kando ya viatu vya mitumba. Alikuwa na hadithi moja ya upelelezi isiyo na jalada wala karatasi mbili za mwisho. Yasemekana zilifungia karanga. Nilidhani ataniuzia kwa bei nafuu. Akakataa. Kitabu hicho hakiuzwi, alisema, huazimwa kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba kila anayekirudisha amtaje mwizi na kueleza sababu zake. Watu 11 wamekwisha kukisoma na wametaja wezi watano. Mama mmoja muuza maharage ametaja mpelelezi mwenyewe, na mpaka siku ile hakuna aliyeweza kumpinga.

Nililipa ada nikakaa nacho usiku kucha. Asubuhi nilimpelekea jibu langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaliandika katika daftari, kisha akatikisa kichwa na kuniambia nirudi nikaisome tena sura ya tatu.